Mguu wa Mtani

Katika miaka yake ya mwisho ya kazi, Laurensia wa Misugusugu hakumgusa mgonjwa kabla ya kusema neno moja. Ungeweza kuja kwake na mgongo uliokakamaa kwa jembe, au bega lisilopanda. Ungemkuta uani anapepeta mchele, angekuitikia salamu, angekutandikia mkeka, na kabla hujaeleza kilichokuleta angesema:

"Mimi Kiingereza sijui. Kama una karatasi ya hospitali, kwanza tumtafute wa kuisoma."

Waliomfahamu juu juu walidhani ni unyenyekevu. Wengine walidhani ni uzee unaanza kumrudisha kwenye jambo moja kila siku. Haikuwa hivyo. Ilikuwa aibu, na alikuwa ameibeba muda mrefu kiasi kwamba ilikuwa imechukua umbo la salamu.

Baba yake aliteremka kutoka Matombo, kwenye milima ya Uluguru, akaja Kibaha kukata mkonge wakati wa Mwingereza. Laurensia alizaliwa kambini, akasoma kwa masista mpaka darasa la nne, akaolewa na Athanas, mkata mkonge kama baba mkwe wake. Uhuru ulipokuja alikuwa tayari na watoto wawili. Kisha watu wa nchi za Nodiki wakaja Tumbi kujenga shule, hospitali na kituo cha kuwafundisha wakulima, naye akapata kazi ya kufagia na kupiga deki katika nyumba za wageni hao. Huko ndiko alikomwona Mama Kirsten.

Mama Kirsten alikuwa mwembamba, mrefu, nywele zake nyeupe kama katani iliyoanikwa. Kila asubuhi kabla ya chai alitandika kitambaa kinene barazani na kuanza kujikunja. Siku ya kwanza Laurensia alidhani anasali. Siku ya pili alidhani anaumwa tumbo. Ya tatu alisikia jina lake, yoga, na mwezi haukuisha akawa anaiga mikao hiyo nyuma ya mlango, ufagio wa deki ukiwa umeegemea ukutani. Mama Kirsten alipomfuma hakucheka. Alivuta kitambaa kingine.

"Pumua, Laurensia," alikuwa akisema, kwa Kiswahili chake kilichopinda. "Usishindane na mwili. Mwili si punda. Ukifika mahali pamefungwa, uliza kwanza. Usisukume."

Wageni walipomaliza muda wao na kuondoka, Laurensia aliachiwa kile kitambaa. Akaendelea. Wanawake wa jirani walianza kumcheka, kisha wakaanza kumwonea wivu, kwa maana alikuwa akiinuka kutoka kwenye palizi mgongo wake umenyooka kama mtu aliyetoka kulala. Mmoja akaja, wa pili akaja. Aliwafundisha kupumua kwa tumbo, kuinua kiuno wakiwa chali, kunyoosha mapaja. Walipata nafuu. Operesheni ya vijiji ilipokuja, nyumba zikasogezwa karibu karibu, na sifa nazo zikasogea. Wakawa wanamwita Mama Viungo. Wakawa wanasema: Laurensia kasoma na Wazungu.

Yeye hakuwahi kusema amesoma. Aliacha isemwe tu. Alipowahesabia pumzi wagonjwa wake alihesabu "wani, tuu, thrii", na alipotaka waende taratibu alisema "sloli, sloli", na akaona jinsi nyuso zao zinavyotulia wakisikia hivyo, kama mtu aliyeonyeshwa mhuri wa serikali. Ni utamu mdogo. Nani angemnyima?

Mwanzoni mwa mwaka sabini na saba, Mashaka alikuja kumfuata. Alikuwa mkulima wa korosho kutoka upande wa Kisarawe, kijiji kilichokuwa mbele kidogo ya Mzenga, ukishapita Kwala. Mama yake alikuwa ameteleza shambani akiokota korosho, akavunjika nyonga ya kushoto. Hospitali kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa imempasua, ikaondoa kichwa cha mfupa kilichokatika na kumwekea cha chuma. Sasa amerudi nyumbani na magongo mawili, na hataki kuyaona.

Laurensia alipanda lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu, akashuka vumbi tupu usoni, akaingia chumbani kwa mgonjwa. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali. Juu yake alikuwa amelala mama wa makamo yaliyozidi, macho makali, hina ikififia kwenye kucha.

"Huyu ndiye fundi mwenyewe?" alisema Bi Mwanakheri. "Mashaka, nimekutuma daktari, umeniletea Mluguru? Hawa wanachojua ni kupanda ndizi na kuogopa nchi tambarare!"

"Shikamoo, Bi Mwanakheri," alisema Laurensia. "Nimesikia Mzaramo kavunjika mguu, nikasema niwahi. Nyinyi mkivunjika mguu mmoja, wa pili unakwenda ngomani peke yake."

"Marahaba, mtani. Karibu uzike, maana ndicho ulichofuata. Sanda utashona mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Kati ya Mzaramo na Mluguru utani ni wa tangu babu zao: mmoja atamtukana mwenziwe hata msibani, na aliyetukanwa ndiye anayepata faraja. Laurensia alijisikia amefika kwa watu wake.

Lakini Bi Mwanakheri hakuwa na haja ya kucheka tu. Mjukuu wake Biasha, binti wa kwanza wa Mashaka, alikuwa ndani, mwali, akisubiri kutolewa. Na kwa desturi ya nyumba yao, mwali anapotoka humpokea bibi mzaa baba. Bibi hukaa mkekani, miguu ameinyoosha, mwali hukaa katikati ya miguu hiyo kwa kumpa mgongo, na bibi humpaka mafuta ya nazi kichwani mbele ya wanawake wote. Hapo ndipo mwali anahesabiwa ametoka. Mama yake Bi Mwanakheri alifanya hivyo, na bibi yake, na waliotangulia.

"Sasa niambie," alisema, safari hii bila mzaha. "Nimkaribishe mjukuu wangu nikiwa juu ya kiti kama karani wa mahakama? Wenzangu wote wako mkekani, mimi nawatazama utosini? Mtani, nifikishe chini. Siku ile moja tu."

Mashaka akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hospitali walituambia kitanda kiwe juu, na choo tumtengenezee kiti cha tundu," alisema. "Mengine walisema yamo humu. Yote Kiingereza. Asikae chini mpaka lini? Tusomee, mama."

Laurensia aliifungua. Ilikuwa nusu imepigwa chapa, nusu imeandikwa kwa mkono uliokimbia kama mchwa. Aliitazama kutoka juu mpaka chini. Aliona maneno, akayatambua kuwa ni maneno, basi. Jicho lake lilishika kitu kimoja tu alichokijua, tarakimu, karibu na mwisho: 3.

 Mashaka alikuwa anamtazama. Mkewe, Mwanamvua, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, naye anamtazama. Bi Mwanakheri alikuwa ameinua kichwa kwenye mto. Kilichotakiwa ni maneno matatu: mimi sijui Kiingereza. Yalikuwa mepesi, yote matatu. Baadaye, katika maisha yake yote, Laurensia angeyarudia maneno hayo mamia ya mara, na kila mara angeshangaa jinsi yalivyokuwa mepesi, na jinsi siku ile yalivyomshinda kuyainua.

"Inasema miezi mitatu," alisema. "Asikae chini miezi mitatu. Baada ya hapo, polepole."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanakheri, akarudisha kichwa kwenye mto.

Laurensia akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake. Alisema anakwenda kuisoma vizuri zaidi nyumbani.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Kila wiki alikuja, akalala siku mbili, akarudi. Alimfundisha Bi Mwanakheri kupumua mpaka tumbo likainuka kama unga uliotiwa hamira. Alimfundisha kukaza paja, kuhesabu, kulegeza. Kuteleza kisigino juu ya godoro kwa mwendo mfupi. Kusimama ameshika fremu ya mlango na kuupeleka mguu pembeni, kisha kuurudisha bila haraka. Gongo la kwanza likawekwa pembeni. Rangi ikarudi usoni, na matusi yakaongezeka, jambo ambalo kwa watani ni dalili ya afya.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Siku moja Mwanamvua alimfuata Laurensia kisimani.

"Mama Laurensia, samahani. Kule hospitali mimi ndiye niliyekuwa namlinda mama. Yule dada wa zamu aliniambia mimi, kwa mdomo wake, nisimwache achuchumae hata siku moja. Hakusema miezi mitatu. Labda karatasi..."

"Mwanamvua," alisema Laurensia, "karatasi umeisoma wewe au nimeisoma mimi?"

Mwanamvua akainamisha macho. Akajitwika ndoo yake, akaenda.

Miezi mitatu ilitimia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mashaka alikuwa shamba la kijiji, na nyuma ya nyumba mlio wa mbuzi ya nazi ulisikika, Mwanamvua akikuna nazi. Laurensia alitandika mkeka sakafuni. Akamshusha Bi Mwanakheri kwa hatua, kwanza kwenye kigoda, kisha chini. Bi Mwanakheri alipoona yuko chini, machozi yalimtoka.

"Mtani," alisema, "leo nimekuwa mtu."

Hapo wangeweza kuishia. Lakini Laurensia alikuwa na furaha, na furaha yake ilitaka kuonekana. Ule mkao wa Mama Kirsten aliokuwa akiupenda kuliko yote ulikuwa wa kukaa, goti moja kulikunja mpaka kifuani, kulivusha upande wa pili wa mwili, na kuinama juu yake taratibu. Unafungua kiuno chote, Mama Kirsten alikuwa akisema. Laurensia akashika goti la kushoto la Bi Mwanakheri. Akalikunja. Likagoma kidogo, kama mlango wenye gunia nyuma yake.

"Pumua," alisema Laurensia. "Sloli."

Akalisukuma livuke.

Haukuwa mlio mkubwa. Mwanamvua, aliyekuwa uani, hakuusikia. Ulikuwa mlio mzito, mfupi, wa kitu kilichotoka mahali pake ndani kabisa ya nyama. Bi Mwanakheri hakupiga kelele. Alikuwa amemkodolea Laurensia macho, midomo imegeuka rangi ya majivu.

"Mtani," alinong'ona, "mguu wangu umekwenda wapi?"

Mguu ulikuwa pale pale, lakini ulikuwa umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na vidole vimegeukia ndani, vikitazama mguu wa pili kana kwamba vina haya.

Mashaka aliitwa, akaja anahema, jembe bado mkononi. Aliuliza kilichotokea. Mama yake, akisema kwa vipande vipande kati ya maumivu, alitafuta sababu kama mtu anayepapasa gizani. Alikumbuka kwamba alfajiri, Mwanamvua alipomwinua kutoka kwenye kiti cha choo, alimvuta kwa nguvu, akasikia kitu kikivutika pajani. Lile goti lililosukumwa hakulitaja, kwani kwake hiyo ilikuwa tiba.

Mashaka akamgeukia Laurensia.

"Na hapa mkekani? Alikuwa anaruhusiwa kukaa?"

Laurensia alisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, sauti ya kuhesabia pumzi.

"Karatasi ilisema miezi mitatu. Imetimia."

"Basi si mkeka," alisema Mashaka. Akamtazama mkewe, aliyesimama mlangoni, machicha ya nazi bado mikononi. "Basi ni wewe."

Walimbeba Bi Mwanakheri na kitanda chake mpaka barabarani, wakapata gari, akarudishwa Dar es Salaam. Laurensia alirudi Misugusugu. Athanas alimuuliza mgonjwa anaendeleaje, akasema anaendelea. Siku ile hakufanya mazoezi, wala siku iliyofuata. Kile kitambaa cha Mama Kirsten alikikunja akakiweka juu ya kabati, halafu akakitoa juu ya kabati akakiweka chini ya uvungu, kwa sababu alipokuwa anapika kilikuwa kinamtazama.

Siku ya kumi ujumbe ulifika na dereva wa lori la mkaa. Mashaka anampa salamu. Wazee watakaa Ijumaa baada ya swala. Mwanamvua anarudishwa kwao Kwala, kwa kuwa amemvunja mama mkwe wake kwa uzembe na bado anabisha. Mama Viungo anaombwa aje awasomee wazee karatasi ya daktari, wasikie wenyewe.

Laurensia alimshukuru dereva. Akakaa kwenye kizingiti mpaka jua likahama. Alimfikiria Mwanamvua akirudi Kwala na mzigo wake kichwani, na Biasha akitolewa nje siku ya ngoma bila mama yake, na wanawake wakinong'onezana kwa nini. Alijaribu kujiambia kwamba huenda ni kweli, huenda mguu ulianza kutoka alfajiri. Alijaribu mara nyingi. Lakini mikono yake ilijua. Mikono yake ilikuwa imelihisi lile goti likigoma, na ilikuwa imesukuma.

Alhamisi akaenda kwa Mwalimu Ponsiano, aliyekuwa anafundisha elimu ya watu wazima, na ambaye Laurensia mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake aliyefaulu vizuri, wa Kiswahili. Akampa karatasi. Ponsiano akavaa miwani, akasoma kwa kufasiri, akisimama kila baada ya mstari.

"Huyu mgonjwa amewekewa nyonga ya chuma... Asikae chini wala kwenye kiti kifupi. Asichuchumae. Goti lisipande juu kupita nyonga. Mguu usivuke kwenda upande wa mwenzake, hata usingizini. Alale na mto katikati ya mapaja. Vidole visigeukie ndani. Masharti haya ni ya maisha yake yote." Akageuza. "Halafu, arudi kupimwa baada ya miezi mitatu."

"Hapo kwenye tatu," alisema Laurensia.

"Ehe?"

"Hapo ndipo nilipoelewa mimi."

Ponsiano alivua miwani. Alikuwa mtu mpole, akataka kuuliza, akaona uso ulivyo, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

Ijumaa wazee walikuwa wamekaa barazani kwa Mashaka, watano, Mzee Pazi, mjomba wa ukoo, akiwa katikati. Mwanamvua alikuwa ameketi pembeni kwenye kipande cha jamvi, mzigo wake umefungwa kwa kanga mbili. Ndani, nyuma ya pazia, Laurensia alijua, Biasha alikuwa anasikiliza.

"Karibu, mama," alisema Mzee Pazi. "Sisi wengine macho yetu yamefungwa. Tusomee."

Laurensia alisimama na karatasi mkononi. Wakati wote wa safari alikuwa ameandaa maneno mazuri, yenye Mungu ndani yake na shetani kidogo. Yote yakamtoka.

"Mimi sijui Kiingereza," alisema.

Mmoja wa wazee akacheka, akidhani ni utani wa Kiluguru. Alipoona hacheki mwenyewe, akanyamaza.

"Si ulisoma mbele yangu?" Mashaka alisema.

"Niliangalia. Sikusoma."

Kisha akawaambia yote: ile tarakimu, jinsi alivyotunga miezi mitatu, maneno ya Mwanamvua kisimani na jinsi alivyomjibu, goti lilivyogoma, na kwamba alilisukuma. Akawaambia alichosomewa na Mwalimu Ponsiano, mstari kwa mstari, kwa kuwa alikuwa amekishika chote moyoni. Alisema kwamba mtu pekee katika nyumba ile aliyekuwa akijua ukweli ni huyu aliyefungiwa mzigo.

 Kuku alipita katikati ya baraza. Laurensia alimgeukia Mwanamvua, akapiga goti, akafungua mdomo.

"Nilikuambia," alisema Mwanamvua.

 Aliuvuta mzigo wake, akafungua fundo la kanga ya juu, akajifunga kiunoni, akaingia jikoni. Baada ya muda wakasikia kuni zikivunjwa, kwa nguvu kuliko kuni zinavyohitaji.

"Ondoka kwangu," Mashaka alimwambia Laurensia.

"Bado," alisema Mzee Pazi. "Sisi tumesikia. Mwenye mguu hajasikia. Atakwenda Dar akamwambie mwenyewe, ndipo aondoke."

Akaenda. Katika wodi ile ndefu alimkuta Bi Mwanakheri chali, mguu umefungwa kamba, uzito unaning'inia mwisho wa kitanda. Nyonga ilikuwa imerudishwa. Laurensia alisimama karibu na uzito ule, akasema yote mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana safari hii aliyekuwa akimsikiliza alikuwa na maumivu. Alipomaliza, akasubiri. Alikuwa ameomba njia nzima atukanwe. Mtani ana haki ya tusi lolote: mchawi, nyani wa milimani, mla ndizi mbichi, angeyapokea yote kwa mikono miwili na kuyabusu.

"Nimekusikia, Laurensia," alisema Bi Mwanakheri.

Akageuza uso ukutani. Jina lake, basi, kama ambavyo karani angelitaja. Laurensia hakuwahi kujua kwamba jina lake mwenyewe linaweza kuuma.

Pale wodini alikuwepo bwana mmoja, Felician, aliyekuwa akiwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Laurensia alimfuata kwenye korido. Alianza na yale maneno matatu. Kisha akamwonyesha yote aliyomfanyisha Bi Mwanakheri, akisimama ukutani, akiinua na kushusha mguu wake mwenyewe huku watu wakipita.

"Haya ya kupumua, sawa," alisema Felician. "Kukaza paja, sawa. Kisigino, sawa, ukiishia katikati. Huu wa pembeni ndio tunaofundisha hapa hapa." Akasita. "Ule wa mwisho, mama, hata mimi nikiwa mzima siufanyi. Kwa nyonga ya chuma ni kama kuing'oa makusudi."

"Najua sasa."

"Wewe unajua nusu, na hiyo nusu unaijua vizuri sana. Ndiyo maana ulikuwa hatari." Hakuyasema kwa ukali. Alikuwa na wagonjwa wengine.

Laurensia alirudi wodini mara nne mwezi ule, na Felician akamfundisha: mto katikati ya mapaja, namna ya kumgeuza mgonjwa bila mguu kuvuka, namna ya kumwinua kutoka kitini mguu ukiwa umetangulizwa mbele. Bi Mwanakheri alikubali mikono yake. Alifanya anachoambiwa. Hakusema naye.

Ngoma ya Biasha ilicheleweshwa mpaka baada ya mavuno ya mpunga. Laurensia hakualikwa, ila Mwanamvua alituma neno kwa dereva wa lori: mama anasema uje. Alikwenda na mkungu wa ndizi kichwani, kama mtani anavyopaswa, akauweka jikoni na kusimama nyuma kabisa, karibu na uzio, mahali wanaposimama wapita njia.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mikeka ilikuwa imetandikwa, na akina mama wakubwa wa ukoo wamekaa, miguu wameinyoosha, kanga mpya zikinuka duka. Katikati yao, juu, peke yake, kwenye kiti kirefu cha mbao kilichoazimwa ofisi ya chama, alikuwa Bi Mwanakheri. Kila aliyeingia alimtazama yeye kwanza, kisha akageuza macho haraka. Laurensia aliona jinsi alivyokaza shingo. Aliona pia kitu ambacho wengine hawakukiona: ule mto uliokuwa katikati ya mapaja ulikuwa umeteleza, na mguu wa kushoto, kwa kuchoka, ulikuwa umeanza kugeukia ndani.

Ngoma ikanyamaza. Mwanamvua alikuwa mlangoni ameshika mkono wa mwali aliyefunikwa. Ndipo sauti ya Bi Mwanakheri ikapita juu ya vichwa vyote.

"Yuko wapi yule Mluguru?"

Watu wakageuka. Laurensia alitembea katikati ya mikeka, na ilikuwa safari ndefu kuliko ya kutoka Misugusugu.

"Kaa hapo," alisema Bi Mwanakheri, akionyesha kwa kidole mkeka ulio chini ya kiti chake. Mahali pale pale ambapo alikuwa ameomba kufikishwa. "Kaa nikuone. Shika mguu huo. Ukienda ndani, nitakuuliza wewe."

Laurensia akakaa. Aliukamata mguu kwa mikono miwili, kifundo na kisigino, akavigeuza vidole taratibu vitazame mbele na nje kidogo, akaurudisha mto. Alipoinua macho, Bi Mwanakheri alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anawatazama watu.

"Jamani, mnamwona huyu?" alisema kwa sauti kuu. "Huyu ndiye msomi wangu niliyeletewa kutoka milimani. Alipewa karatasi nzima ya daktari, akaelewa tatu!"

Kicheko kililipuka. Wanawake wa mikekani walipigana viganja. Hata Mwanamvua, kule mlangoni, aliuma kanga yake. Uso wa Laurensia uliwaka mpaka masikioni.

Kisha kicheko kikapungua, na watu wakasubiri, kwa maana tusi la mtani lina jibu lake.

"Jibu, mtani," alisema Bi Mwanakheri kwa sauti ndogo, ya kusikika na yeye tu. "Watu wanakusubiri."

Laurensia alifungua mdomo. Alikuwa na majibu ishirini tangu utotoni, kuhusu Wazaramo na uvivu wao na ngoma zao. Hakuna hata moja lililotoka. Aliinamisha kichwa juu ya ule mguu.

"Basi," alisema Bi Mwanakheri. "Utalipata siku nyingine. Leteni mwali."

Biasha akaletwa, akaketishwa mkekani kwa kumpa bibi yake mgongo, katikati ya miguu miwili iliyotanuliwa, mmoja wenye nguvu, mmoja ulioshikwa. Mafuta ya nazi yakamiminwa kiganjani. Kutoka juu ya kiti mikono ya bibi ilifika kichwani bila shida. Vigelegele vikapanda, ngoma ikaanza tena, ardhi ikatetemeka chini ya mkeka. Miguu ya Laurensia, aliyokuwa ameikunja chini yake, ilianza kufa ganzi. Hakuisogeza. Alikuwa ameshika kisigino kile, vidole vikitazama mbele, na macho yake hayakuondoka hapo mpaka mwali alipoinuliwa.